Haipaforini yangu imeacha kufanya kazi: tatizo ni dawa, seli au mimi?

Mshika_pipeti
Wakuu, naomba msaada kabla sijarudi kwa msimamizi mikono mitupu. Nafanya majaribio na haipaforini, ile ya mmea wa Hypericum perforatum. Wiki ya kwanza ilizuia seli zangu kufyonza serotonini (kemikali ya ujumbe ya ubongo), grafu ikashuka vizuri mpaka nikaipiga picha. Sasa ni wiki ya tano na hakuna kitu. Sahani yenye dawa na yenye DMSO tupu (kiyeyushio chake bila dawa) zinafanana kama mapacha. Msimamizi anasema ni mkono wangu. Labda, ila mkono huohuo unapata majibu safi kwa fluoksetini, dawa ya sonona.

Niliyeyusha miligramu 5.37 kwenye mililita 1 ya DMSO, nipate milimola 10 kwa lita. Kichupa ni cha kioo cheupe, kinakaa kwenye friji nyuzi 4, nakitoa kila nikikihitaji. Hata seli nimeshabadilisha. Natanguliza shukrani.

Mzee_wa_benchi
Fluoksetini ikijibu, seli ni nzima na mkono ni mzima. Mwache huyo msimamizi kwanza.

Haipaforini haipatani na mwanga wala oksijeni. Halafu DMSO huganda kwenye nyuzi 18 hivi, kwa hiyo kila siku unatoa barafu, unasubiri iyeyuke, unafungua kifuniko, hewa inaingia, na DMSO yenyewe inavuta unyevu kama chumvi iliyoachwa wazi. Wiki tano za hivyo! Mimi nilipoteza karibu nusu mwaka kwa kosa hilihili, na kijana niliyemlaumu bado namwonea haya.

Gawa katika mafungu ya kutumia mara moja, vichupa vya kahawia, pulizia agoni au naitrojeni kabla ya kufunga, weka friza ya nyuzi -20 au chini zaidi. Lakini kabla ya hapo, pitisha ya zamani na mpya kwenye kromatografia, inayotenganisha kemikali na kuchora kilele kwa kila moja. Usibishane na mtu bila vilele mkononi.

Na lebo inasemaje? Nyingi huuzwa kama chumvi ya DCHA (disaikloheksilamini), kwa sababu chumvi inavumilia zaidi.

Mshika_pipeti
Nimekimbia kusoma. Ni chumvi. Uzito wa moli ni 718, na mimi nilipigia hesabu 536.8 ya haipaforini tupu. Kumbe tangu siku ya kwanza nilikuwa na milimola 7.5. Aibu gani hii.

Sodiamu_kwanza
Hiyo ndogo, lakini sasa unahitaji pia sahani yenye DCHA peke yake.

La pili, usitegemee iende sambamba na fluoksetini. Fluoksetini inakaa kwenye kisafirishi chenyewe, yaani protini inayovuta serotonini ndani ya seli. Haipaforini inapandisha sodiamu ndani ya seli, na kisafirishi kinakosa nguvu ya kuvuta. Ndiyo maana inagusa pia kemikali nyingine za ujumbe: dopamini, noradrenalini, GABA na glutamati. Mwaka 2007 ikatajwa chaneli ya TRPC6, tundu kwenye utando wa seli, kuwa ndiyo mlango wa sodiamu. Mwaka 2014 wengine wakaonesha kwamba inabeba protoni kupita utando, hata TRPC6 isipokuwepo. Kwa hiyo andika pH (kipimo cha asidi) ya bafa yako kila siku.

Nuru_K
Samahani kwa kuingilia. Mama mdogo anameza vidonge vya mmea huu kwa ajili ya huzuni. Ndiyo hiyohiyo?

Mzee_wa_benchi
Imo ndani, dada, pamoja na vingine vingi. Kuna jambo moja la kumuuliza: anatumia dawa gani nyingine? Haipaforini inaamsha kipokezi cha PXR, ini linaongeza kimeng'enya cha CYP3A4, na dawa nyingine zinavunjwa haraka: vidonge vya uzazi wa mpango, baadhi ya dawa za VVU, siklosporini ya waliopandikizwa figo. Ikichanganywa na fluoksetini pia ni hatari, serotonini inazidi. Amwambie daktari wake, asifiche.

Mshika_pipeti
Mrejesho: kilele cha kichupa cha zamani kimebaki kifupi, pembeni kuna vingine vitatu nisivyovijua. Unga mpya una kilele kimoja kirefu. Nimempelekea msimamizi karatasi zote mbili. Amezitazama sana, kisha akasema, "Mh."

Kesho nanunua karatasi ya alumini.