Kampuni ikitelekeza draiva ya kadi ya grafiki, ilazimishwe kuifungua?

Fundi Mwanjelwa (mleta mada)

Wakuu, salaam. Naweka mada mezani, najua humu kuna mafundi, waandishi wa programu na wacheza gemu wa kweli, siyo wale wa kusifia taa za keibodi tu.

Swali: kampuni ya chipu ikitangaza kwamba kadi fulani haitapata tena draiva, yaani ile programu inayoiwezesha kompyuta kuitumia kadi, sheria iilazimishe kukabidhi kwa umma kila kinachohitajika ili wengine waendelee? Au ni mali yake, ifanye itakavyo? Mimi nasema ilazimishwe.

Chukueni kadi mbili za rika moja. HD 7970 ya AMD ilianza kuuzwa Januari 2012, GTX 680 ya Nvidia ikafuata Machi mwaka huohuo. Zilikuwa Simba na Yanga wa wakati ule. Mwaka 2021 zote mbili zikafungiwa mlango: AMD mwezi Juni, Nvidia miezi michache baadaye, draiva zake zikiishia tawi la 470. Hadi hapo sare.

Tofauti ipo kwenye Linux, mfumo endeshi huria. AMD ilianza kutoa maelezo ya chipu zake hadharani mwaka 2007. Mwaka 2016 watu wa nje ya AMD wakaanza kuandika draiva ya Vulkan (kiwango cha lugha ambayo gemu hutumia kuiagiza kadi) iitwayo RADV, ambayo iko ndani ya Mesa, mradi wa draiva huria za grafiki. Matokeo yake HD 7970, babu wa 2012, inatambua Vulkan 1.3. GTX 680 imeganda kwenye 1.2. Mtu atauliza, tofauti ya nukta moja ni kitu gani? DXVK, ile programu inayogeuza maagizo ya Direct3D, lugha ya Windows ya kuagiza kadi, kuwa ya Vulkan ili gemu za Windows zicheze Linux, tangu toleo la 2.0 la Novemba 2022 inadai Vulkan 1.3. Kadi moja inapita getini, nyingine inabaki nje.

Kiwango ni karatasi. Anayeshika draiva ndiye anayeshika roho ya mashine yako, na wengi wetu mashine zetu ni za mtumba, yaani tunazinunua wakati mwenye draiva ameshaanza kuzichoka. Karibuni.

Otii254

Mkuu mada ni poa lakini mfano wako umeutia chumvi. Huko huko Mesa kuna NVK, draiva huria ya Vulkan kwa kadi za Nvidia, na kwa kizazi cha Kepler, yaani hiyo GTX 680 yako, inaishia 1.2 vilevile. Vulkan 1.3 inadai utaratibu fulani wa kumbukumbu ambao chipu hiyo haina. Kwa hiyo hata Nvidia wangekupa kila faili kwenye sinia, DXVK 2.0 usingeipata. Hapo kilichozeeka ni chuma chenyewe.

Naandika programu za grafiki kwa mkate wangu, niwape picha ya ndani kidogo. Watu wanadhani draiva ni kama waya, unachomeka tu. Draiva ya OpenGL, kiwango kilichotangulia Vulkan, ni jumba la ghorofa. OpenGL ilitoka kampuni ya Silicon Graphics mwaka 1992, enzi ambazo kadi zilikuwa na kazi chache, na falsafa yake ni kwamba programu inasema "nataka hiki" na draiva inahangaika. Vipande vidogo vya programu vinavyopaka rangi kila nukta ya kioo, zile sheda, vinapelekwa kwa draiva kama maandishi ghafi, na kila kampuni ina mfasiri wake. Unaandika mstari mmoja, kwa kampuni A unapita, kwa B unakataliwa, kwa C unapita lakini sura ya mhusika inakuwa ya kijani. Nimepoteza wikendi nyingi hapo.

Vulkan 1.0 ilitoka Februari 2016 kuondoa balaa hilo. Ilizaliwa kwenye Mantle, lugha ya AMD wenyewe ya kuagiza kadi, ikakabidhiwa kwa Khronos, muungano ambao tayari ulikuwa unasimamia OpenGL. Sheda zinafika zikiwa zimeshatafsiriwa nusu, katika muundo wa SPIR-V. Usimamizi wa kumbukumbu ni juu ya mwenye gemu. Ukaguzi wa makosa umetolewa nje ya draiva kabisa, unauwasha ukiwa kazini, unauzima ukiuza. Draiva imekonda. Ndiyo maana watu wachache wa kujitolea waliweza kuandika RADV.

Kwa hiyo mimi napinga sheria. Kiwango kikitengenezwa vizuri, draiva inakuwa nyepesi na tatizo lako linapungua lenyewe.

Neema_K

Otii, sasa mbona hapo umemsaidia mleta mada? Umesema RADV iliandikwa kwa sababu Vulkan ni nyepesi. Ni kwa sababu Vulkan ni nyepesi NA maelezo ya chipu yalikuwepo. Ondoa la pili, wale watu wachache wangeandika nini? Mashairi?

Mzee Vudu

Vijana nawasalimu. Jina langu linatoka kwenye kadi ya 3dfx Voodoo, wenye umri wangu mtanielewa.

Mnabishana kana kwamba jambo hili halijawahi kujaribiwa. Lilijaribiwa. 3dfx walikuwa na lugha yao wenyewe ya kuagiza kadi, Glide. Miaka ile ya 1996 hadi 1998 gemu nzuri ziliandikiwa Glide, na Glide ilikwenda kwenye kadi zao tu. Ukiwa na kadi nyingine unatazama boksi la gemu dukani na kumeza mate. Desemba 1999, maji yakiwa shingoni, wakafungua msimbo wa Glide (maandishi ya programu yenyewe) na maelezo ya kadi zao. Mwaka mmoja baadaye, Desemba 2000, Nvidia wakanunua mali zao. Mwenye draiva akawa hayupo tena duniani.

Lakini Voodoo3 iliendelea kuwa na draiva ndani ya Mesa hadi mwaka 2012. Hesabuni wenyewe. Na kwa kuwa Glide ilikuwa wazi, watu wakaandika programu za kuigeuza iende kwenye OpenGL, gemu zile zikaokolewa. Mimi hadi leo nazicheza, mama watoto akilala.

Otii254

Shikamoo Mzee. Heshima yako naiweka, ila malizia hadithi. Mwaka 2012 Mesa waliiondoa kwa nini? Kwa sababu hakukuwa na mtu wa kuitunza. Msimbo ulikuwa wazi, uani kumejaa majani. Kufungua msimbo hakuleti watunzaji. Ukiipa kampuni amri ya kumwaga mistari laki kadhaa hadharani, utapata lundo ambalo hakuna atakayelisoma.

Mzee Vudu

Marahaba. Miaka kumi na ushee kwa kadi ambayo kampuni yake ilishazikwa, wewe unaona haba?

Chapati_Moto

Mimi siwaelewi. Kadi ikizeeka si unauza unaongeza hela unanunua nyingine? Na hizo gemu za Linux mnazozisifia, Apex Legends walishafunga mlango kwa wachezaji wa Linux tangu mwisho wa Oktoba 2024, wakisema ni mambo ya wadanganyifu. Valorant haijawahi kuwepo huko. Draiva iwe wazi, isiwe wazi, gemu la mtandaoni likikukataa umekwisha.

Neema_K

Chapati hapo kwenye gemu za mtandaoni uko sahihi, huo ni mwiba mwingine kabisa. Hilo la "ongeza hela" nakuachia mwenyewe.

Mimi nataka kuuliza mleta mada: kwa nini unaongelea kadi za kompyuta tu? Wadogo zangu wote wanacheza kwenye simu. Vulkan ipo kwenye Android tangu toleo la 7.0 la mwaka 2016, lakini draiva ya Mali au PowerVR, chipu za grafiki za simu, inakaa ndani ya mfumo wa simu. Huendi tovuti ya mtengeneza chipu kuipakua kama kwenye Windows. Mtengeneza simu asipotoa sasisho, draiva yako ni ileile uliyotoka nayo dukani, na kasoro zake zote. Simu za bei yetu zinapata masasisho mangapi? Kama kuna sheria ianze huku, maana huku ndiko waliko watu.

Fundi Mwanjelwa

Dada Neema umenishika pabaya, na ni kweli. Nimeandika kifundi, nikasahau kwamba meza yangu siyo dunia.

Otii, kuhusu Kepler nakubali, mfano ulikuwa na shimo. Nikupe wa pili ambao hautakimbia. Minecraft ya Java, toleo la 1.17 la Juni 2021, ilianza kudai OpenGL 3.2. Intel HD 3000, iliyo ndani ya Core i za kizazi cha pili za mwaka 2011, draiva yake ya Windows inaishia OpenGL 3.1. Chipu ileile ndani ya Linux, kwa draiva ya Mesa, inatoa 3.3. Chuma kimoja, laptopu moja, hata vumbi ni lilelile. Upande mmoja gemu linafunguka, upande wa pili unapewa ujumbe wa makosa. Hapo utasema chuma kimezeeka?

Na laptopu za kizazi cha pili bado zimo sokoni, ninazo tatu hapa mezani ninapoandika.

Otii254

Hapo sina jibu la chuma, nakupa pointi.

Lakini nina mawili. La kwanza, draiva za kampuni zimejaa msimbo wa watu wengine waliokodishwa kwa mkataba, pamoja na mambo ya kulinda filamu zisinakiliwe. Kampuni haiwezi kugawa kisicho chake. AMD wenyewe mnaowasifu hawakumwaga ile draiva yao ya zamani. Walitoa maelezo ya chipu, draiva mpya ikaandikwa kutoka mwanzo. La pili, usalama. Intel walizima kabisa DirectX 12 (familia ya ile Direct3D ya Windows) kwenye grafiki za kizazi cha nne, Haswell, kuanzia draiva ya 15.40.44.5107, kwa sababu ya tundu la kiusalama. Draiva inaingia ndani kabisa ya mfumo. Ukisambaza msimbo wa draiva isiyotunzwa umewapa wezi ramani ya nyumba.

Bit_na_Bamia

Nimesoma kimya kimya, ila Otii hiyo ya ramani inauma pande zote mbili. Draiva iliyotelekezwa ikiwa imefungwa, tundu bado lipo na hakuna anayeweza kuliziba. Na Haswell umeitaja nusu. Walipozima, mwenye laptopu alipoteza uwezo alioununua. Alipewa chaguo gani? Abaki na draiva ya zamani yenye tundu.

Niseme lililonileta. Wote mnapigania kitu kisicho chenyewe. Msimbo siyo tatizo kubwa tena. Angalieni GTX 1060 ya mwaka 2016, kizazi cha Pascal. Oktoba 2025 Nvidia walisitisha draiva za kawaida za gemu kwa Pascal na kizazi kilichoitangulia, Maxwell, zimebaki za usalama tu, hadi Oktoba 2028. Moduli za kerneli, yaani sehemu za draiva zinazokaa kwenye kiini cha mfumo, ambazo Nvidia walizifungua Mei 2022 zinaanzia kizazi cha Turing kilichokuja baada ya Pascal, kwa hiyo Pascal haimo. Sawa, tukimbilie NVK? Kwenye karatasi NVK inaipa Pascal hadi Vulkan 1.4, inapendeza. Washa gemu uone. Kadi inatambaa.

Inatambaa kwa sababu tangu GTX 900 nyingi, ili kupandisha kasi ya chipu unahitaji programu ndogo inayokaa ndani ya kadi, na kadi inakubali ile tu yenye sahihi ya kidijitali ya Nvidia. Kwa vizazi hivyo, sehemu inayohusu kupandisha kasi haikutolewa kwa njia ambayo draiva huria inaweza kuitumia. Ni basi lenye injini nzima, dereva mzuri, abiria wamekaa, lakini limefungwa kidhibiti mwendo na ufunguo wake uko Santa Clara, makao makuu ya Nvidia.

Kwa hiyo sheria ikisema "fungua msimbo", kampuni inatii, inamwaga msimbo, na kadi bado inatambaa. Kinachotakiwa kiandikwe ni viwili: maelezo ya chipu, na ruhusa ya kupakia programu ya ndani isiyo na sahihi yao siku wanapoacha. Hilo halimgusi mwenye mkataba wa filamu, Otii. Wala halihitaji mtu asome mistari laki kadhaa.

Chapati_Moto

Sawa, na nani atawalazimisha? Bunge letu? Hao jamaa hawajui hata tupo.

Bit_na_Bamia

Chaja ya simu yako ni ya aina gani?

Chapati_Moto

Type-C.

Bit_na_Bamia

Ulaya walipitisha ilazimike kuanzia 28 Desemba 2024. Apple wakabadilisha iPhone 15 mapema, Septemba 2023, na hawakutengeneza ya Ulaya na nyingine ya Kariakoo. Tangu 20 Juni 2025 huko huko kuna masharti ya masasisho kwa simu mpya. Dada Neema, pale ndipo swali lako la draiva za simu lingepenya, kwa mlango wa masasisho.

Otii254

Kwa maelezo ya chipu pamoja na hiyo ruhusa ya sahihi, mimi naunga mkono. Kwa kulazimisha msimbo wenyewe, bado napinga. Andikeni hivyo, nisije kunukuliwa vibaya.

Fundi Mwanjelwa

Nimeandika. Bit, swali langu la mwanzo nalirekebisha kwa maneno yako.

Neema_K

Kabla hamjafunga, mdogo wangu ameona GTX 1060 ya mtumba, ile ya GB 6. Achukue?

Bit_na_Bamia

Atatumia Windows au Linux?

Neema_K

Windows.

Bit_na_Bamia

Kwa gemu alizonazo sasa achukue, kama bei ni ya kadi iliyobakiza masasisho ya usalama hadi 2028 tu. Muuzaji akitaja bei ya kadi mpya, mwambie amuulize Mzee Vudu kama bado ana Voodoo ya kuuza.

Mzee Vudu

Siuzi.