Kikundi: Wana wa Chuno na Mikindani, Mtwara

Tatu (Chicago): Shikamooni wakubwa zangu. Picha hii nimepiga jioni nikitoka kazini. Hapa palikuwa na hospitali, Michael Reese, ilianza 1881 ikafungwa 2009. Sasa wamepanga nyumba za watu wa vipato mchanganyiko, nyingine wanasema za bei nafuu, na bustani.

Shangazi Mwajuma: Marahaba mwanangu. Mbona naona majani tu?

Tatu (Chicago): Ndo hapo shangazi. Jiji lilinunua kwa mkopo, dola milioni 86, likitaka kijiji cha wanamichezo wa Olimpiki ya 2016. Oktoba 2009 Olimpiki ikapewa Rio. Majengo nayo yakabomolewa hivyohivyo, likaachwa moja. Wamezindua ujenzi 2023.

Mjomba Seif: Deni linalipwa, majani yanaota 😂 Hao ni sisi Mtwara wakati wa vuguvugu la gesi asilia. Watu walikimbilia viwanja, kila mtu anajenga gesti ya wageni. Iko moja huku Shangani mpaka leo wapangaji wake popo.

Mama Zai: 😂😂 Tunaijua

Shangazi Mwajuma: Tatu, nafuu wanayoisema ni nafuu ya nani?

Tatu (Chicago): Umegusa penyewe. Wanapima kwa kipato cha kati cha jiji pamoja na vitongoji vyake, hata vya matajiri. Mtaa huu, Bronzeville, ni wa Wamarekani weusi tangu zamani, na wengi kipato chao kiko chini ya hapo. Kwenye karatasi nyumba ni nafuu, mwenyeji akiomba anakuta bado haimudu.

Bakari: Kwetu mbona imewezekana Magomeni Kota

Bibi Mikindani: Magomeni hii yetu? Nani kajenga, mbona sijasikia?

Bakari: Ya Dar, bibi. Zile kota kuukuu zilivunjwa, wakaaji wakasubiri miaka. Rais Samia akazifungua 2022, nyumba 644 kwa kaya 644 zilezile za mwanzo.

Shangazi Mwajuma: Basi hilo ndo nalitaka. Majina yaandikwe kabla tingatinga halijafika. Huko kwa Tatu hospitali haikuwa na wakaaji, ndo maana hakuna mwenye orodha ya kudai nayo.

Mama Zai: Mi naomba kuuliza, maji yakikatika nani anapandisha ndoo ghorofa ya saba? Na kisamvu natwangia wapi, jirani wa chini si ataniitia mjumbe

Mjomba Seif: Utatwanga bustanini

Bibi Mikindani: Hizo hospitali za zamani zina miti ya kivuli. Tukiuguza mtu tunapika uji chini ya mwembe, hata kulala tunalala hapohapo. Waambie wasikate.

Tatu (Chicago): Ntawafikishia bibi 😅

Shangazi Mwajuma: Wewe kodi ya vyumba viwili ikitangazwa tuletee hapa. Bustani baadaye.

Bibi Mikindani: Bustani kwanza.