Makro nzima au bloku ya vitendo? Nalipia kesho

Kidole_Chepesi: Wakuu, nina makro tano, yaani orodha za vitendo ambavyo simu inajifanyia yenyewe, na zote zinaishia na vitendo vilevile: shusha sauti, zima data, punguza mwanga. Nimechoka kunakili na kubandika. Niviweke kwenye makro moja niwe naiita, au nitengeneze bloku? Majaribio yanaisha kesho.

Mama_Waya: Majaribio ya programu gani? Simu gani? Swali umetuletea nusu.

Sharti_Kwanza: Kama ni MacroDroid, bloku. Haina kichochezi, yaani tukio la kuianzisha, inangoja kuitwa tu. Unaipa kigeu, yaani thamani inayobadilika, tuseme kiwango cha sauti, inafanya kazi na kukurudishia jibu. Ukitaka kurekebisha, unagusa mahali pamoja.

Fundi_Mkaidi: Programu ya Tasker nayo inayafanya hayo vizuri tu. Kazi moja inaiita nyingine, unapitisha thamani kwa vigeu %par1 na %par2, nayo inarudisha jibu. Bloku za nini?

Mzee_wa_Mtetemo: Ngojeni. Mimi nilikuwa na makro ya kunyamazisha simu, yenye sharti lake: baada ya saa nne usiku. Nikaiita kutoka makro ya kikao, ya kulala na ya chaji. Mchana kikaoni, kimya hakiji, simu inalia mbele ya watu. Nikaingia nikaweka alama ya kupuuza masharti, na kwa uvivu nikaiweka kote kutatu. Kesho yake nikachomeka chaji saa tisa mchana, nikajilaza. Kuamka nakuta simu kumi na moja sijapokea. Mleta mzigo alishasimama mlangoni akachoka, akaondoka nao.

Fundi_Mkaidi: Kosa lako hilo, makro haina hatia.

Mzee_wa_Mtetemo: Nimekataa? Ila bloku isingenibebesha sharti nililolisahau.

Mwanga_Hafifu: Programu ya Automate je? Unachora kwa vishale, na bure unaendesha hadi bloku 30 kwa wakati mmoja.

Sharti_Kwanza: Bloku za huko ni hatua mojamoja. Usimchanganye mwenzio.

Mwanga_Hafifu: Jina si ni lilelile?

Mama_Waya: Simu yake ikiwa inaua programu za nyuma kuokoa betri, hakuna kitakachoitwa. Aiondoe kwanza kwenye udhibiti wa betri.

Kidole_Chepesi: Samahani wakuu. Ni Android. Majaribio ni ya Tasker, zile siku 7. Makro ziko MacroDroid ya bure, na nafasi 5 zimejaa.

Mama_Waya: Kumbe unalipia programu ambayo hujaandika humo hata kazi moja?

Kidole_Chepesi: Nimeandika moja. Ya tochi.