Uhandisi mitambo: Mlimani, DIT au MUST Mbeya?

kaka_wa_PCM: Wakuu habari zenu. Mdogo wangu kamaliza fomu siksi, PCM (fizikia, kemia na hesabu), anataka uhandisi mitambo. Tumebaki na CoET (ndaki, yaani college, ya uhandisi) ya Mlimani pale Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, DIT (Taasisi ya Teknolojia Dar es Salaam) na MUST (Chuo Kikuu cha Sayansi na Teknolojia Mbeya). Mzee anasema Mlimani tu basi, mi bado sijaridhika. Mliopita huko nisaidieni.

Spana17: Angalia kila chuo kilizaliwa kwa kazi gani. Mlimani uhandisi umeanza 1973, kabla ya hapo Mtanzania akitaka uinjinia anapanda basi kwenda Nairobi, maana enzi za Chuo Kikuu cha Afrika Mashariki Dar walipewa sheria, Makerere udaktari, Nairobi ndo uinjinia. Kwahiyo kile kitivo kiliundwa tupate mainjinia wetu wa digrii, hesabu zake nzito tangu siku ya kwanza, baadaye ndo kikawa ndaki. DIT ni ya 1957, ilianza kwa kufundisha mafundi, hilo jina limekuja 1997 tu.

binti_karakana: Hapo kwa DIT umesema kweli kabisa. Mimi nimeanzia diploma pale mjini, Bibi Titi na Morogoro Road. Wiki ya kwanza karakana nikapewa kipande cha chuma na tupa, nikipige mpaka kiwe mraba, mwalimu anaweka skwea anakiinua kwenye mwanga, akiona mwanga unapenya anakurudishia bila neno. Malengelenge viganja vyote!! Ila leo nikishika kitu najua kimepinda kabla sijapima. Halafu jamani muwe makini na kampasi mnapoomba, DIT ya Mwanza inajulikana zaidi kwa mambo ya ngozi.

Mlimani_damu: Msimtishe dogo kwamba Mlimani ni makaratasi tu. Likizo ndefu tunaenda PT (mafunzo kwa vitendo), mimi nilikaa kiwanda cha saruji nimevaa ovaroli kama wengine. Na kama anawaza masters huko mbele, ule msingi wa hesabu utambeba.

Iyunga_baridi: MUST nayo ilikuwa tekniko, yaani chuo cha ufundi, 1986, ikaja kuwa taasisi (MIST) 2005, baadaye ndo ikawa chuo kikuu. Maisha Mbeya nafuu kuliko Dar, abebe sweta tu.

kaka_wa_PCM: Asanteni sana. Nimemsomea ile ya tupa, kaniuliza mara mbili kama na yeye atapewa. Jumatatu nampeleka aone karakana mwenyewe, tunaanza Mlimani kisha tunashuka mjini, mzee naye kakubali kuja.