Naomba ushauri: muziki wa siku hizi umeharibika, au ni mimi nimezeeka?

Babu Kaseti: Wakuu, salaam. Juzi nimekwaruzana na binti yangu wa miaka 16 kwa sababu ya spika. Kila wimbo anausikiliza mpaka kiitikio cha kwanza, anaruka mwingine. Nikamwambia, "Zima hayo makelele, muziki ulikuwa zamani." Hakubisha. Akachukua kalamu: "Baba, nitajie nyimbo 20 zilizovuma ulipokuwa na umri wangu." Nilipofika ya saba nikakwama. Na mbili kati ya hizo, nikisema ukweli, zilikuwa takataka. Tangu hapo tunanuniana. Nikubali yaishe? Mbona masikio bado yanalalamika?

Mama Wawili: Amekuweza, kaka. Nyimbo za zamani zimeshapetwa, pumba zimepeperuka. Wewe unalinganisha punje zilizobaki kwenye ungo na gunia zima la leo.

Fundi Mitambo: Ni kweli, ila masikio ya mkuu yasidharauliwe. Mimi kazi yangu ni kurekodi. Enzi za CD, hasa miaka ya 1990, watu walizidi kushindana wimbo wa nani utasikika kwa nguvu zaidi. Sauti inabanwa: palipo chini panapandishwa, palipo juu panakandamizwa, kote kunakuwa tambarare. Wimbo wa zamani ulinong'ona kwanza ndipo ukapasuka. Wa leo unapasuka tangu sekunde ya kwanza, na sikio linachoka. Utafiti mmoja wa 2012 ulipima rekodi zaidi ya 460,000 za Magharibi, za 1955 hadi 2010, ukakuta sauti imezidi kupanda na mpangilio wa noti umepungua aina. Utamu haukupimwa, hilo tuelewane.

DJ Mstaafu: Mnambembeleza tu. Tangu Auto-Tune, programu ya kunyoosha sauti ya mwimbaji, itoke 1997, hata asiyejua kuimba anaimba!

Fundi Mitambo: Na zamani kanda ilikatwa kwa wembe, kipande kibovu kikatupwa, kizuri kikaungwa. Ujanja haukuanza leo. Hata viitikio vya haraka vina sababu: Spotify, ule mtandao wa kusikilizia muziki, huhesabu wimbo ukishasikilizwa sekunde 30, nani atakubali kuchelewa? Santuri za zamani za mizunguko 78 kwa dakika nazo zilibeba kama dakika tatu kila upande, wasanii wakakata nyimbo zao zienee humo.

Mama Wawili: Kaka, mwambie akuchagulie wimbo mmoja tu, usikilize mpaka mwisho, sauti ya chini. Wewe pia umchagulie wako. Bila kuhubiri!

Babu Kaseti: Mrejesho. Wa kwake nimeusikiliza wote, kwa vipokea sauti vyake. Ubeti wa pili ngoma zote zinanyamaza, linabaki besi peke yake, na pale nilitikisa kichwa kabla sijajizuia. Aliniona. Wa kwangu unaanza na gitaa dakika nzima. Amevumilia sekunde 40 hivi, akaniuliza kwa adabu zote: "Baba, huyu ataanza kuimba lini?"