Mwaka wa kwanza Moshi, wiki ya tatu: naona kama nimekosea njia

Bint_Newala
Shikamooni wakubwa, wenzangu mambo. Nina wiki tatu Moshi, mwaka wa kwanza, nasoma ushirika na uhasibu. Nimetoka Newala: siku nzima mpaka Dar, nikalala kwa mjomba Mbagala, kesho yake Moshi. Nyumbani waliniambia huku ni baridi, mama akauza kuku wawili akaninunulia masweta mawili na blanketi zito. Nimefika naloa jasho. Mlima wenyewe sijauona, kila nikitazama mawingu tu.

Basi si hilo. Hosteli niliomba nimechelewa, nikapanga chumba Soweto, elfu arobaini kwa mwezi, mwenye nyumba akataka ya miezi sita. Hela ikaishia hapo hapo. Bumu, yaani hela ya mkopo wa chuo, bado, baba naye anasubiri malipo ya korosho. Darasani tuko wengi, lekchara ni Kiingereza toka anaingia hadi anatoka, wakati sekondari mwalimu alikuwa akiona tumeduwaa anarudia kwa Kiswahili. Wenzangu wanauliza maswali kama wanaongea na kaka zao. Mimi nahofia nikifungua mdomo tu watacheka. Kipindi kikiisha narudi chumbani, najifungia, nasoma mpaka usingizi. Wikiendi iliyopita toka Ijumaa jioni hadi Jumapili sikuongea na mtu isipokuwa muuza maji.

Hali hii inaisha yenyewe? Au niombe kuhamia Mtwara, karibu na nyumbani?

Mzee_wa_Bumu
Karibu sana. Mlima amka saa kumi na mbili, toka nje na mswaki wako, utauona. Ikifika saa tatu umeshajifunika. Na hayo masweta usiuze, Juni na Julai utanikumbuka. Kuhusu kuhama sina jibu, mi mwenyewe nilitaka kuhama kila Jumatatu kwa miaka mitatu.

Stesheneri_Jirani
Dada Newala, mimi nilimaliza chuo 2018, sasa nina kibanda cha fotokopi na kuchapa, si mbali na geti. Kila Novemba napokea sura kama yako. Mwaka wa kwanza namjua kwa anavyoshika flashi: kama yai.

Nikwambie ninachokiona hapa mezani. Watu wanadhani anayedisko, yaani anayefeli mpaka akaondolewa chuo, ni mjinga. Wengi waliolia hapa kibandani kwangu akili walikuwa nazo, habari ndiyo hawakuwa nayo. Testi imesogezwa toka Alhamisi kuja Jumanne, tangazo limepita kwenye grupu, yeye bando limeisha na hana wa kumgongea mlango. Au kazi ya kikundi inaletwa, jalada lina majina manane, wa tisa hayupo kwa sababu hakuna aliyekuwa anamjua. Nachapa mimi, naona. Siwezi kuongeza jina la mtu ambaye hajaja. Kwa hiyo huko kujifungia unakoona ndiyo bidii, mdogo wangu, ndiko kutakakokuangusha.

Nayasema kwa kuwa yalinikuta. Nilikuja toka Kondoa, nikapanga gheto Pasua, nikajifungia humo. Nilipata madesa, yaani notisi, ya waliotutangulia, nikayameza yote, kumbe lekchara kabadilisha mada mbili. Darasa zima lilijua, mimi sikujua. Nikavuna supu mbili, mitihani ya kurudia. Wenzangu wako kwao wanakula mbuzi, mimi niko Moshi narudia mitihani, nakula mihogo mchana na usiku. Baba nilimdanganya kwamba niko mafunzo kwa vitendo. Mpaka leo hajui, na hapa hasomi.

Sasa hilo la kuongea. Umesema baba yako anasubiri hela ya korosho. Ina maana umeona gunia likipelekwa AMCOS, chama cha ushirika cha wakulima, likapimwa, likaenda ghalani, ikatoka stakabadhi. Umeona siku ya mnada wakulima wamekaa, bei zinasomwa, watu wanakataa au wanakubali. Hayo yote ndiyo kozi yako! Huku mfano wa kwanza siku zote ni kahawa, KNCU, chama kikuu cha ushirika cha hapa Kilimanjaro, toka 1933, na mfano huo una haki yake. Lakini hao unaowaogopa, wengi ni watoto wa mjini, hawajawahi kuuza hata debe la kahawa. AMCOS wameiona kwenye slaidi. Siku likiulizwa swali la namna hiyo, nyoosha mkono. Kiingereza kikikwama katikati, malizia kwa Kiswahili. Watacheka dakika moja, kisha watakuomba uingie kikundi chao, maana wanataka maksi.

Kuhusu hela nitasema mawili tu. Nenda kwa afisa mikopo wa chuo kesho asubuhi, usingoje tangazo, mwombe aangalie kama jina lako kwenye akaunti linafanana na la kwenye cheti. Herufi moja inatosha kukulaza njaa. Na bumu likiingia, kumbuka ni elfu kumi kwa siku, ila linakuja kwa mkupuo, na mtu akiona malaki kwenye simu anajiona yeye ndiye mnada. Mimi nilikuwa namlipa mama ntilie ya mwezi mzima siku ile ile, ananiandika kwenye daftari. Iliyobaki nilitapanya kama wengine, lakini mchana nilikula. Kwa sasa mchele na maharage kanunue sokoni Mbuyuni, achana na vikombe vya dukani mtaani.

Mtwara utahama na nini? Utakwenda na blanketi lako na mlango wako wa kujifungia.

Mama_wa_Rau
Marahaba mwanangu. Nina wapangaji wanafunzi huku Rau, nawalea kama wangu ingawa kuosha sufuria ni ugomvi. Kodi yako ikiisha, mwombe mwenye nyumba miezi mitatu mitatu, wengi tunakubali tukishamjua mtu. Usiku usipite njia za migombani peke yako hata kama ni mkato. Msikitini au kanisani nenda, huko ndiko utakutana na watu wa kusini, nao wapo wengi kuliko unavyodhani. Jirani akikuletea mtori pokea, bakuli usirudishe tupu.

Na huyo muuza maji anaitwa nani? Unamuona kila siku hujui jina lake?

Bint_Newala
Asanteni sana, nimerudi baada ya siku nne. Mlima nimeuona! Nimeupiga picha nikamtumia mama, kaniuliza mbona theluji yenyewe kidogo hivyo. Muuza maji anaitwa Hamisi, kwao Masasi, tumeongea mpaka madumu yakafurika.

Kaka Stesheneri, kwenye akaunti jina langu limekosa h. Moja tu. Nimejaza fomu, nasubiri.

Darasani swali la AMCOS lilikuja kweli, juzi. Mkono sikunyoosha, msinicheke, ulikuwa mzito kama gunia. Ila kipindi kilipoisha nilimfuata CR, kiongozi wa darasa letu, nikamwambia kwenye kazi yao wameandika mnunuzi anampa mkulima hela mkononi siku ya mnada, na kwetu haiendi hivyo, baba anasubiri iingie benki. Akaita wenzake watatu, wakatoa madaftari. Nimeeleza nusu saa, Kiswahili chote. Kikundi chao kilikuwa na watu saba.

Stesheneri_Jirani
Hiyo kazi waambie wailete kuchapwa kwangu. Nitahesabu majina kabla sijabonyeza, na la kwako nitaangalia kama h ipo. Na hiyo flashi itie kamba, wiki hii pekee nimeokota tatu.