Kihispania cha kati: darasa la chuo, mwalimu wa mtandaoni, au kujisomea?

Nakato_W
Wanajukwaa, habari zenu. Usajili wa masomo chuoni kwetu hapa Kampala unafungwa Ijumaa na bado sijaamua. Kihispania cha mwanzo nimekimaliza kwa alama nzuri. Sasa ama niendelee na Kihispania cha kati hapo hapo chuoni, ama nichukue somo jingine na Kihispania nikisome na mwalimu wa mtandaoni. Mwenzangu wa hosteli anasema yote hayo ni kupoteza pesa, programu ya simu ya Duolingo na video za bure zinatosha. Mliopitia, ipi bora?

Opio_Lira
Nyabo, bora kwa kazi gani? Unasomea nini? Somo hilo ni la lazima au la kuchagua, lina krediti ngapi, lina ada ya ziada? Darasani mko wangapi? Na pesa ya mwalimu unayo kiasi gani kwa mwezi? Anayetaka kwenda kusoma Salamanca hashauriwi sawa na anayetaka kuongoza watalii Kidepo. Jaza hayo kwanza.

Mwongoza_Kisoro
Mimi sisubiri hata majibu. Tafuta mtu wa kuongea naye. Naongoza wageni Bwindi, na Wahispania hatuwakosi. Kundi moja la gorila linatembelewa na wageni wasiozidi 8, kwa saa moja tu, na kabla ya hapo lazima uwape masharti yakaingia: msisogee karibu, msile pale, msitumie taa ya kamera, ukikohoa geuza uso. Hakuna muda wa kufungua daftari. Nina wenzangu waliosoma sarufi wakapata na vyeti, lakini mgeni akiuliza swali kwa kasi ya kwao wanabaki kutabasamu. Sikio na ulimi havifundishwi ubaoni.

Mwalimu_Mbarara
Ndugu yangu wa Kisoro, hayo masharti yako ndiyo sarufi yenyewe. "Msisogee" kwa Kihispania ni *no se acerquen*, na hilo *acerquen* ni subjuntivo, sura ya kitenzi ya kukataza au kutaka mwingine atende jambo, ambayo ni somo la kiwango cha kati. Aliyeishia kiwango cha mwanzo ataweza kuomba maji na kuuliza bei, lakini kukataza watu kwa adabu hajui. Darasa la chuo usilidharau.

Nimefundisha lugha za Ulaya sekondari miaka mingi, na hatua hii ndiyo inayowaangusha wengi. Mwanzoni mtu anajifunza salamu, familia, chakula, anafurahi. Akipanda, wakati uliopita unakuwa na sura mbili, indefinido na imperfecto. Kwenye karatasi anazinyambua zote bila kosa, ila akisimulia safari ya jana anazichanganya. Sisi wenye Kiswahili tunayo njia ya kupita: "alifika" na "alikuwa akifika" hatuzichanganyi, na zinakaribiana sana na *llegó* na *llegaba*. Hata subjuntivo tunayo. "Nataka kwenda", "nataka uende": mtendaji akiwa mwingine, kitenzi kinabadilika mwisho. Wao vilevile, *quiero ir*, *quiero que vayas*. Anayekipitia Kihispania kwa mlango wa Kiingereza peke yake anateseka na jambo ambalo mdomo wake unalifanya kila siku. Mtu anaweza kukuonyesha hayo. Programu ya simu itakuambia tu kwamba umekosa.

Nakato_W
Asanteni sana. Naongeza maelezo. Nasomea utalii, mwaka wa 2. Somo ni la kuchagua, krediti 3, ada yake imo ndani ya ada ya semista. Darasa la mwanzo tulikuwa kama 40. Nataka kuongoza wageni, na baadaye Mungu akijalia nisome shahada ya uzamili Hispania. Kwa mwalimu naweza kutenga shilingi 150,000 kwa mwezi, zaidi ya hapo siwezi.

Opio_Lira
Sasa tunaweza kupiga hesabu. Krediti moja ni saa 15 za darasani, krediti 3 ni saa 45 kwa semista nzima. Tuseme nusu ya muda mhadhiri ndiye anayeongea. Saa 22 na nusu zilizobaki mnagawana watu 40, kila mmoja anapata kama dakika 34. Hizo ndizo dakika zako za kusema Kihispania mpaka mtihani! Upande wa pili, kwenye tovuti kama italki wapo walimu wa dola 10 kwa saa. Pesa yako inakupa karibu saa 4 kwa mwezi, na hakuna unayegawana naye.

Mwalimu_Mbarara
Hesabu ni sahihi kwa watu 40. Lakini kiwango cha kati darasa hupungua, wengi huchukua cha mwanzo kisha wakaacha. Nakato, nenda idarani uulize wamejisajili wangapi. Mkiwa 12 tu, kila mmoja anakaribia saa 2, na mhadhiri anakujua kwa jina.

Mwongoza_Kisoro
Ukichukua mwalimu wa mtandaoni, angalia saa. Aliye Bogotá yuko nyuma yetu kwa saa 8, kwake saa 2 asubuhi kwetu ni saa 10 jioni, umeshatoka darasani. Wa Hispania mnapishana saa 1 au 2 kufuatana na msimu wao. Mimi nasoma kwa Mkolombia, ananyoosha maneno. Bando likiwa dogo zima video, sauti peke yake inatosha.

Akello_Arua
Dada Nakato, kabla hujatoka chuoni sikiliza yaliyonipata. Baada ya Kihispania cha mwanzo niliona kama unavyoona, darasa limejaa, sipati kusema. Nikaenda kituo kimoja cha lugha katikati ya mji, jina nitaliacha. Walikuwa na bango kubwa barabarani: Kifaransa, Kijerumani, Kichina, Kihispania, viwango vyote. Nikalipa kozi nzima ya kiwango cha kati kwa simu, mara moja, maana walisema anayelipa kwa mafungu bei inapanda.

Siku ya kwanza nakuta watu wanafundishwa kuhesabu. Nauliza, naambiwa wa kiwango cha kati tuko watatu, tukae na wa mwanzo mpaka tufike watano. Hatukufika watano. Mwalimu alikuwa kijana mpole, namhurumia hata leo, lakini kila nilipomuuliza habari za wakati uliopita jibu lilikuwa "tutafika". Katikati ya kozi akaacha kazi, tukasikia hakuwa amelipwa. Wakatuletea mwalimu wa Kifaransa ambaye alikuwa anakisoma kitabu usiku ili atufundishe asubuhi. Nikaenda kudai pesa yangu. Meneja yuko safarini. Mhasibu ametoka kidogo. Rudi Jumatatu. Jumatatu mlinzi ananiambia ofisi imehamia ghorofa ya juu, napanda, mlango una kufuli.

Mwisho nilipowapata kwa simu wakanipa cheti badala ya pesa. Karatasi nzito, muhuri, imeandikwa B1, yaani kiwango cha kati. Nikakiambatisha kwenye maombi ya kusoma nje. Nikajibiwa kwa adabu kwamba wanapokea vyeti vya mitihani ya DELE au SIELE, au matokeo ya chuo kikuu. Ya chuo kikuu nilikuwa nayo ya kiwango cha mwanzo tu. Hilo liliniuma kuliko pesa. Krediti zako dada usizitupe, zinaingia kwenye matokeo rasmi na hakuna atakayeuliza muhuri ni wa nani.

Nakato_W
Pole sana dada Akello. Na hizo DELE na SIELE, tofauti yake nini?

Opio_Lira
DELE ni mtihani wa Kihispania unaotolewa na Instituto Cervantes, taasisi ya serikali ya Hispania ya kueneza lugha yao. Unajisajili kwa kiwango kimoja, tuseme B1, unafaulu au unafeli, na cheti hakiishi muda. Ya B1 ni kusoma dakika 70, kusikiliza 40, kuandika 60, kuongea 15. Sehemu hizo zimefungwa mafungu mawili: kusoma na kuandika fungu moja, kusikiliza na kuongea fungu jingine, na kila fungu lazima upate angalau alama 30 kati ya 50. Kwa hiyo uzuri wa kuandika haukuokoi kama husikii.

SIELE ni ya kompyuta. Cervantes wanaitoa pamoja na vyuo vikuu vya Salamanca, Buenos Aires na UNAM ya Mexico. Hakuna kufeli, unapewa alama kati ya 0 na 1000 zinazoonyesha uko kiwango gani, lakini cheti kinadumu miaka 5 tu. Vituo vya karibu viangalie kwenye tovuti zao wenyewe, usiulize mitaani. Na kwa uzamili unaofundishwa kwa Kihispania mara nyingi wanataka B2, ujue bado una ngazi ya kupanda baada ya hii.

Ssalongo_Ntinda
Wanangu, mimi nauliza jingine. Kwa nini Kihispania? Kongo, Rwanda, Burundi, wote wana Kifaransa. Mtoto wa utalii aliye Uganda akianza na lugha ya nchi iliyo ng'ambo ya bahari akaacha ya jirani, hapo sielewi. Bunagana, mpakani na Kongo, iko mlangoni pa Kisoro.

Mwongoza_Kisoro
Ssalongo, kwa heshima zote, Bunagana tunaongea nao Kiswahili. Pale sokoni sijasikia mtu akiuza viazi kwa Kifaransa. Na waongozaji wa Kifaransa ninaowajua ni wengi, wa Kihispania tunahesabika. Kampuni ikipata kundi kutoka Barcelona au Mexico inatupigia sisi, hata kama tuko likizo.

Ssalongo_Ntinda
Sokoni nakubali. Lakini barua ya ofisi Kinshasa haiandikwi Kiswahili. Binti huyu ataishi miaka mingi kazini, si yote ataikaa msituni.

Akello_Arua
Baba, Kihispania nacho ni cha Afrika. Guinea ya Ikweta wanasomea na kuendeshea serikali kwa Kihispania, na Umoja wa Afrika unakitambua pamoja na Kiswahili chetu. Tusikifanye kama ni cha Wazungu peke yao.

Kemi_Jinja
Nimekuwa nasoma kimya, naomba kuuliza. Mtu akijifunza kwa Mkolombia kisha apate wageni wa Madrid, hawatamcheka? Nasikia Hispania wana *vosotros*, yaani "nyinyi" ya kirafiki, na kwingine hawana.

Mwalimu_Mbarara
Hawatakucheka. Mfano wa masharti ya gorila unatosha: *no se acerquen* inaeleweka Madrid, kwao ni ya heshima, na kwa mgeni anayelipa heshima haijawahi kuharibu kitu. Wao kwa wao watasema *no os acerquéis*. Jifunze kuisikia *vosotros*, kuisema si lazima. Ila chuoni Nakato aangalie mhadhiri anataka ipi, kwenye mtihani wengine wanakata alama.

Mwongoza_Kisoro
Hapo sikubaliani na mwalimu. Kundi la vijana kutoka Sevilla ukiwaita *ustedes*, "nyinyi" ya heshima, siku tatu mfululizo wanakuona mbali nao. Mimi *vosotros* naitumia, na bahasha ya mwisho wa safari inaonyesha.

Mwalimu_Mbarara
Na wakija Wamexico?

Mwongoza_Kisoro
Nabadilisha. Mtu anazoea.

Nakato_W
Nimetoka idarani. Waliojisajili kiwango cha kati ni 9. Katibu anasema wakibaki hivyo hivyo huenda darasa lisifunguliwe semista hii, ataongea na mkuu wa idara. Sasa nikijisajili likafutwa, nitakuta masomo mengine ya kuchagua yamejaa?

Akello_Arua
Muulize katibu swali hilo hilo kwa barua pepe, si kwa mdomo, ubaki na maandishi. Na uliza kama likifutwa unaruhusiwa kubadilisha somo baada ya Ijumaa.

Opio_Lira
9 ni idadi nzuri sana kwa mwanafunzi, mbaya kwa idara. Watafute wale 40 wa mwanzo kwenye kundi lenu la WhatsApp, huenda nusu yao hawajui usajili unafungwa lini. Na saa 4 za mwalimu usizifute hata darasa likifunguliwa. Chukua hata 2 kwa mwezi, pesa nyingine weka kwa ajili ya mtihani.

Ssalongo_Ntinda
Likifutwa kuna Kifaransa.

Kemi_Jinja
Samahani Nakato, swali la pembeni. Kitabu cha kiwango cha kati mnakipata wapi? Nakala za fotokopi nilizoona Wandegeya, hapo Kampala, kurasa nyingine hazisomeki, na sehemu za kusikiliza hawana kabisa.

Mwongoza_Kisoro
Wachapishaji wengi wa Hispania wanaweka sauti za vitabu vyao bure kwenye tovuti zao, tafuta kwa jina la kitabu. Ukiishiwa, fungua Radio Nacional de España kwenye simu, taarifa ya habari, kila asubuhi. Mwezi wa kwanza utashika majina ya nchi na tarakimu tu. Endelea.

Kemi_Jinja
Asante ssebo. Na kwa wanaoanza mwanzo kabisa kuna redio ya polepole zaidi?